Mali Isiyoshikika, Zaka Inayohesabika

Duka la Mswahili lilikuwa na magunia. Mwisho wa mwaka mwenye duka alipima bidhaa, akatoa zaka. Sasa mfikirie mtu mmoja katika nyumba ya Al Warqa, Dubai, anayeuza programu yake ya uhasibu kwa malipo ya kila mwezi. Hana ghala wala mwajiriwa, na nakala ya elfu haimgharimu zaidi ya ile ya kwanza. Atatoa zaka ya nini? Mwaka 1988, mjini Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikubali kwamba haki za ubunifu ni mali yenye thamani. Hata hivyo, yeye hauzi programu yenyewe. Anakodisha matumizi yake. Kwangu, programu hiyo ni kama cherehani ya fundi: chombo cha kazi hakilipiwi zaka, bali fedha inayotokana nacho. Dirhamu 200,000 zilizobaki mwaka mzima zinadaiwa 5,000.

Atasema tayari anabanwa: tangu Juni 2023 Imarati hutoza kodi ya asilimia 9 kwa faida ya biashara inayozidi dirhamu 375,000. Lakini kodi ni deni kwa serikali, ilhali zaka ina wenyewe waliotajwa katika Kurani. Atasema pia kwamba amechuma peke yake. Si kweli: programu yake inasimama juu ya Linux na kazi nyingine walizoachia wengine bure. Anayefanya kazi peke yake hana mhasibu wa kumkumbusha. Basi ajihesabu mwenyewe.