Kumsemea Marehemu

Sokoni Mpanda, kwa muuza vitabu chakavu, nilinunua vijitabu viwili vya katuni vya Kimarekani viitwavyo The Twilight Zone. Humo watu wa kawaida hujikuta kati ya mwanga na giza, wakipatwa na mambo yasiyoelezeka. Hadithi hufunguliwa na mwanamume mwenye suti, anayemkaribisha msomaji.

Huyo ni Rod Serling, mbunifu wa mchezo wa televisheni wa jina hilo, ulioonyeshwa Marekani tangu 1959 hadi 1964. Sisi wa Tanzania Bara, tulioanza kupata vituo vya televisheni mwaka 1994, hatukuuona wakati wake. Vijitabu vya katuni vilianza 1961, vikaendelea hadi 1979, na kimoja cha mwisho kikatoka 1982. Hadithi zake nyingi hazikutoka katika televisheni; zilitungwa na watu wengine. Serling alifariki Juni 1975, akiwa na miaka 50. Kijitabu changu kimoja ni cha 1977. Miaka miwili baada ya kufa, bado anasimama na suti yake, akitukaribisha katika hadithi asiyoijua.

Je, msomaji, hilo ni kosa? Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Sura ile ilipendwa, na hakuna aliyeumia. Nami ningekubali hivyo, kama nisingekumbuka jambo langu mwenyewe.

Baba alipofariki, ukoo ulikaa baada ya arobaini kugawana mashamba. Dada yangu, mjane, alikaribia kunyimwa shamba la mpunga la bondeni, eti mwanamke hurithi kwa mumewe. Nilisimama nikasema: "Marehemu aliniambia lile ni la dada." Hakuniambia. Baba mdogo aliinamisha kichwa, akajibu, "Kama kaka ndivyo alivyosema, basi." Dada analima pale mpaka leo.

Naamini haki ilitendeka. Hata hivyo, ningesema kwa kinywa changu, baba mdogo angenijibu, tungebishana, na pengine angeshawishika kwa hoja. Lakini nani hubishana na maiti? Sikumdhulumu marehemu tu. Niliwanyang'anya walio hai nafasi ya kujibu. Tena leo watoto wangu husema babu yao aliwatetea wanawake, na ushahidi wao ni shamba lile. Nimewachorea babu.

Mkoa wetu wa Katavi, ulioanzishwa 2012, unabeba jina la Katabi, mzimu wa mwindaji unaoaminiwa kukaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Wanaofika kuweka sadaka chini ya mti huo humwomba baraka. Wanasema na mzimu, lakini kinywa ni chao wenyewe. Nadhani heshima kwa wafu ni hiyo: kuwataja, kuwaomba, hata kuwalilia, bila kuwatia maneno mdomoni.

Baba mdogo yu hai bado, mzee sana. Sijamwambia. Nikimwambia, shauri la shamba linaweza kufufuka, na atakayepoteza si mimi. Nimeamua jambo moja tu: kabla sijakwenda kwake, nitakwenda kwanza kwa dada. Siku ile ya kikao, hata yeye sikumwuliza.