Ridhaa ya Mwenye Njaa

Uhuru wa mtu hupimwa kwa maneno mawili mafupi: ndiyo na la. Awezaye kusema ndiyo lakini hawezi kusema la, hakukubali jambo, ameshindwa nalo. Wahenga walisema kuwa hiari yashinda utumwa. Lakini wao hao walisema pia kuwa mwenye njaa hana miiko. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja huzaa swali gumu. Hiari ya mwenye njaa ni hiari ya namna gani? Je, ndiyo yake ni ridhaa, au ni sauti ya tumbo itokayo kinywani?

Swali hili ni la kale, lakini katika mwaka 2023 lilivaa vazi jipya mjini Nairobi. Mwezi wa Julai mwaka huo ulizinduliwa mradi ulioitwa Worldcoin, ambao Sam Altman ni mmoja wa waasisi wake. Altman huyo ndiye mkuu wa OpenAI, kampuni iliyotoa ChatGPT, mtambo wa akili mnemba uandikao na kujibu maswali kwa namna ya binadamu. Hoja ya mradi ilikuwa kwamba mashine zitaigiza maneno ya watu hata isijulikane katika mawasiliano nani ni mtu na nani si mtu. Kwa hiyo yafaa kila mtu apate uthibitisho kwamba yeye ni mtu, wala si zaidi ya mmoja. Uthibitisho huo ulitafutwa jichoni. Chombo cha mviringo kama mpira kilipiga picha ya lile duara lenye rangi liizungukalo mboni, kikageuza alama zake kuwa tarakimu, kwa kuwa alama hizo za mtu mmoja hazilingani na za mwingine. Aliyekubali aliahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya karibu shilingi 7,000 za Kenya.

Watu walifurika kwa maelfu katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, wakajipanga. Tarehe 2 Agosti 2023 Serikali iliisimamisha kazi hiyo, lakini watu wapatao 350,000 walikuwa wamekwisha kuandikishwa. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa taarifa hizo zilikusanywa kinyume cha sheria: hapakufanywa tathmini ya athari kama itakiwavyo na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha sarafu. Mradi uliamriwa kuzifuta taarifa hizo kabisa katika muda wa siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Mahakama imesema neno lake. Lakini hukumu ya sheria haimalizi hoja ya maadili, na hoja ya upande wa pili haifai kudharauliwa. Yuko atakayesema hivi: kijana asiye na kazi alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, akasimama juani saa nyingi, na hapana aliyemshika mkono. Fedha aliyopata ilinunua unga au ililipa kodi ya chumba. Aliyeshiba ana haki gani ya kumwambia kuwa hakujua alitendalo? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tena kila siku wachukuzi sokoni huuza nguvu za migongo yao kwa sababu ya shida, wala hapana asemaye kuwa mapatano yao ni batili. Kumnyima maskini haki ya kukubali ni kumfanya mtoto, na dharau ya namna hiyo ni ubaya hata ikivaa joho la huruma.

Hoja hii ina nguvu, na jibu lake halipatikani kwa kumhurumia maskini, bali kwa kuitazama bidhaa yenyewe. Mchukuzi aujua mzigo wake: huuinua kidogo akauona uzito wake kabla ya kutaja bei. Ukimlemea aweza kuutua. Nguvu alizouza leo hurudi kesho baada ya chakula na usingizi. Mambo haya matatu, yaani kujua, kuweza kuacha, na kupata tena kilichotolewa, ndiyo yafanyayo biashara ya mwenye shida iwe bado biashara ya mtu huru. Alama ya jicho haina hata moja la hayo. Neno la siri likiibwa hubadilishwa, jicho halibadilishwi. Yawezekana kabisa kwamba mnunuzi alitunza alichochukua kwa uaminifu wote. Lakini aliyesimama katika mstari hakuwa na njia ya kuupima uaminifu huo. Kwa desturi mnunuzi ndiye auziwaye mbuzi ndani ya gunia. Hapa muuzaji ndiye aliyemtoa mbuzi asiyepata kumwona, na mnunuzi peke yake ndiye aliyejua ukubwa wake.

Kenya ina kumbukumbu ya alama za mwili kuandikwa katika daftari la mwingine. Sheria ya ukoloni ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika waandikishwe kwa alama za vidole na kuchukua kipande, ambacho wengi walikitundika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Harry Thuku na wenziwe walikipinga mapema katika miaka ya 1920. Mambo haya mawili si sawa, na atakayeyafanya sawa atawakosea waliovaa bati lile. Kipande kilikuja kwa amri. Chombo cha Nairobi kilikuja na malipo. Lakini yako mahali yanapokutana: katika yote mawili, aliyeandikwa hakuwa na uwezo wa kulifungua daftari alimoandikwa.

Kwa hiyo sheria njema haiufungi mkono wa maskini. Huufunga mkono wa mwenye kuchukua. Humlazimisha aeleze kwa lugha inayoeleweka, aombe, akubali kukataliwa, na afute anapotakiwa kufuta. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na Tanzania ilitunga sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Hata hivyo maji yakimwagika hayazoleki, na sheria ifikayo baada ya mstari kutawanyika hufanya kazi ya kufuta palipopaswa kuwa na kazi ya kulinda.

Liko deni jingine ambalo mahakama haina uwezo wa kulidai. Hakimu aweza kuibatilisha ridhaa. Hawezi kuibatilisha njaa. Jamii iliyostaajabu kuona vijana wakitoa alama za macho yao kwa shilingi 7,000 haina budi kujiuliza kwa nini shilingi 7,000 zilitosha. Kumlaumu mnunuzi peke yake ni rahisi, kwa kuwa alitoka mbali. Lakini shida iliyowapanga watu katika mstari haikuletwa na chombo kile, wala haikuondoka nacho.

Mradi ulitaka kuthibitisha nani ni mtu. Nia hiyo huenda ikawa na faida katika siku zijazo. Lakini utu hauthibitishwi kwa alama za jicho tu. Huthibitishwa pale mtu anapoulizwa, akaelezwa, akangojwa ajibu. Na jibu lake likiwa la, likaheshimiwa bila kulala na njaa kwa ajili yake.