Mikono Miwili ya Kushoto

Wiki mbili kabla ya harusi ya mpwa wangu, fundi cherehani wetu alinipigia simu alfajiri. "Kaka, njoo uone mwenyewe, maana hata sijui nianzie wapi." Nilimkuta kaketi kwenye kigoda, futikamba bado iko shingoni, macho mekundu kama pilipili. Ulikuwa usiku wake wa tatu anakesha na sare za wanakamati. Ilipofika saa nane usiku, akashika kitambaa cha bibi harusi, kipande cha mwisho dukani kule Kariakoo, akakata mikono miwili. Yote ya kushoto.

"Na nakuapia," akasema, "sikuwa na usingizi hata kidogo. Nilijiona niko fiti."

Hapo ndipo penye hatari, ndugu yangu. Njaa ikikushika, tumbo linakwambia. Kiu nayo inasema. Lakini ukiupunja usingizi siku baada ya siku, kinachoanza kulegea ni kile kichwa ambacho kingekushtua kwamba umelegea. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima waliolazwa kwa ratiba maalumu wiki mbili nzima. Waliopewa saa 6 au pungufu kila usiku walifikia hali ya mtu aliyekesha usiku mmoja hadi miwili bila kufumba jicho. Wenyewe walipoulizwa, wengi waliona wanasinzia kidogo tu. Saa 6! Wangapi kati yetu tunazitaja hizo kwa majigambo?

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Usiseme wewe umezoea. Ulichozoea ni uchovu, na umesahau kuwa mzima kunafananaje.

Sasa piga hesabu ya siku yako. Dereva wa bodaboda anaamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi abiria wa kwanza. Ikifika saa nne usiku, bado yuko kijiweni, na amekuwa macho saa 17. Watafiti wa Australia walipima jambo hilo mwaka 1997: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wake unashuka na kuwa sawa na wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Kijana wa watu hajaonja hata tone, ni mswalihina, lakini pikipiki anaiendesha kilevi. Na wewe uliye nyuma yake, umekumbatia mkoba, unamhimiza aongeze mwendo.

Najua utakachosema. Maisha magumu, ada ya watoto, kodi ya nyumba, tutalala kaburini. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo miaka mingi, tena kwa sauti ya kishujaa. Ila mtazame mtu mmoja ambaye hakuna atakayethubutu kumwita mvivu: Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo binadamu hakuwa amelifanya. Kule kambini Kaptagat, saa tatu usiku ni wakati wa kutafuta kitanda, na mchana, baada ya mazoezi ya asubuhi, anajilaza tena. Kwake kulala ni zoezi kama mazoezi mengine, kwa sababu misuli aliyoichosha barabarani inajengwa upya akiwa amelala. Wewe hukimbii marathoni, sawa. Lakini hesabu za dukani, wanafunzi 90 darasani, mgonjwa anayekusubiri umchome sindano, vyote vinataka kichwa kilichopumzika. Na presha na kisukari vinapenda sana kubisha hodi kwa wasiolala.

Basi uanze leo, na uanze na simu. Iache sebuleni, ichajiwe huko huko; kundi la ukoo litaendelea kubishana bila wewe. Kahawa mwisho mchana, kwa kuwa ile ya saa moja jioni, ikifika saa sita usiku karibu nusu yake bado inazunguka mwilini. Chandarua kichomekwe vizuri, kwa sababu mbu mmoja anatosha kuharibu usiku wa mtu mzima na heshima zake. Kama unakoroma hadi pumzi inakatika, usicheke, nenda kwa daktari. Mlinzi, muuguzi na mama anayenyonyesha hawana uhuru wa kuchagua saa. Hao wauibe usingizi mchana, nasi tulio nyumbani tupunguze redio.

Gauni lilipona, kama unajiuliza. Shangazi mmoja aliligeuza huku na huku, akaamua lisiwe na mikono kabisa, na picha zilitoka kama vile mtindo ulipangwa tangu mwanzo. Fundi naye hakungoja kushauriwa mara mbili. Siku hizi ikigonga saa nne usiku anafuta chaki mezani, anafunika cherehani kwa kanga kuukuu, anazima taa. Juzi mteja alikuja kugonga, sauti ikamjibu kutoka ndani:

"Njoo kesho saa moja, dada. Sasa hivi mkasi umelala."