Hatamu ya Torrentius

Mwenye kuishika hatamu haijui sana, kwani macho yake yako njiani. Anayeijua ni farasi, aliye na chuma kinywani. Basi ikiulizwa ni nani astahiliye kutoa wasia juu ya kuizuia nafsi, jibu si jepesi kama lidhaniwavyo. Je, ni yule ambaye nafsi yake haikupata kumshinda hata siku moja, au ni yule iliyemburura kutwa kucha, akaujua uzito wake? Watunzi wa tungo za maadili wanalijua swali hili, ijapokuwa wengi wao hawapendi kuulizwa.

Swali hilo limo katika ubao mmoja mdogo ulioko Amsterdam, katika makumbusho ya Rijksmuseum. Ubao wenyewe unakaribia kuwa duara, na upana wake ni kiasi cha sentimita 50 tu. Kushoto pamechorwa gudulia la bati, kulia gudulia la udongo, na katikati bilauri ya mvinyo isiyojaa. Wafasiri husema kwamba gudulia moja ni la mvinyo na jingine la maji ya kuuzimua. Viko viwili vya udongo vimelazwa hapo, na chini ya bilauri ipo karatasi ya muziki yenye noti na maneno ya Kiholanzi, yanayoonya kuwa kilichokosa kipimo huangamia kwa ubaya usio kipimo. Juu ya vyote, ndani ya giza, inaning'inia hatamu. Mtazamaji wa haraka huweza kuondoka asiione.

Neno lililotumika katika onyo lile ni *maat*, nalo kwa Waholanzi ni kipimo cha vitu, ni kiasi katika mwenendo, na ni mapigo ya muziki pia. Atakayelielewa upesi ni mshairi wa Kiswahili, ambaye kwake mizani ni ya dukani na ni ya ubeti, na kukosa mizani ni aibu kotekote.

Aliyeuchora ubao huu mwaka 1614 ni Johannes Symonsz van der Beeck, mzaliwa wa Amsterdam wa mwaka 1589. Jina la ukoo wake lina maana ya kijito. Yeye hakutosheka na kijito, akaligeuza kwa Kilatini akajiita Torrentius, yaani mkondo wa maji yaendayo kwa kasi. Na kwa kasi ndivyo alivyoishi. Alioa, ndoa ikavunjika, akatiwa ndani kwa kukataa kumlisha mkewe. Alivaa vizuri, alikunywa sana, na alizungumza zaidi ya alivyokunywa. Katika vilabu vya mvinyo alifanyia mzaha mambo ambayo watu wa zama zile hawakuyafanyia mzaha. Alichora pia picha za utupu zilizosemwa kuwa za aibu.

Constantijn Huygens, mshairi na katibu wa Mwanamfalme Frederik Hendrik, alimfahamu, na katika kumbukumbu alizoziandika kwa Kilatini alimsifu bila ya kumpendelea. Katika kuchora vitu visivyo na uhai alimwona ni muujiza. Katika kuchora wanadamu alimwona si lolote. Kwa kweli juu ya ubao huu jicho halioni alama ya brashi. Huygens alishuku kwamba palikuwa na kifaa, kile chumba cha giza kinachopitisha mwanga katika tundu. Wengine walishuku makubwa zaidi. Palikuwa na ushahidi kuwa Torrentius alijigamba kwamba si yeye achoraye. Kwamba huulaza ubao chini, rangi zikajitenda zenyewe, na kukasikika mvumo kama wa kundi la nyuki. Huenda ulikuwa mzaha mwingine wa klabuni, lakini mzaha ukifika mahakamani hauna wa kuucheka.

Mwaka 1627 alikamatwa mjini Haarlem. Alishitakiwa kwa kukufuru, kwa kumkana Mungu, na kwa kuhusiana na chama cha siri cha Msalaba wa Waridi, kilichotia hofu Ulaya nzima wakati huo. Akateswa, viungo vyake vikanyooshwa ili akiri. Hakukiri. Mwanzoni mwa 1628 akahukumiwa kifungo cha miaka 20.

Hapa inafaa kusimama. Mtu huyu, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa ulimi usiofungwa, aliufunga pale ambapo karibu kila mtu huufungua. Waliotaka kumthibitishia kuwa hana hatamu ndio walioipata kinywani mwake. Haisemwi hivi ili kumtakasa, maana mke aliyenyimwa posho hakushiba kwa ushujaa wa mumewe. Inasemwa kwa sababu mahakimu walidhani kwamba mtu ni kitu kimoja, na kwamba ukishauona upande wake mmoja umeshauona na wa pili.

Aliyemwokoa ni Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, mpenzi mkubwa wa picha, aliyemwombea kwa Mwanamfalme. Mwaka 1630 Torrentius akafunguliwa, akaenda zake Uingereza. Ni wazi kwamba Mfalme hakuomba kwa ajili ya haki; aliomba kwa ajili ya mkono. Mkono nao, baada ya mateso na gereza, hakuna ushahidi kuwa ulifanya tena kazi ya kutajika. Mwanzoni mwa miaka ya 1640 mchoraji alirudi Amsterdam, na mwaka 1644 akafariki.

Kazi zake zikapotea zote. Ndipo mwaka 1913, katika mji wa Enschede, ukaonekana ubao uliokuwa ukitumika kuwa kifuniko cha pipa la zabibu kavu. Nyuma yake palikuwa na alama ya hazina ya Mfalme Charles, ambaye mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1649 na picha zake zikauzwa. Ndio ubao wa hatamu, na ndio peke yake ulionusurika.

Kunusurika huku kumewageuza wasomaji wa baadaye kuwa mahakimu wa namna nyingine. Wa Haarlem walitazama maisha wakazihukumu picha. Wa leo hutazama picha moja wakayahukumu maisha, wakasema kwamba mchoraji wa kiasi namna hii hawezi kuwa fasiki, basi alionewa. Kuonewa alionewa, kwani hakuna mtu astahiliye kunyooshwa viungo kwa maneno ya klabuni. Lakini ubao si shahidi wake. Lau pipa lile la zabibu lingefunikwa kwa mojawapo ya picha zake za utupu, watu hao hao wangesema kwamba Haarlem haikukosea sana. Mshairi wa Poland, Zbigniew Herbert, aliyeandika insha ndefu juu ya Torrentius na kukipa kitabu chake jina la mchoro huu, aliuzunguka ubao kwa mapenzi makubwa, na fumbo halikumfungukia.

Yako maneno mashuhuri miongoni mwa wanazuoni kwamba litazamwe linalosemwa, asitazamwe anayesema. Ni maneno mazuri, na humwokoa mtunzi mwenye madhambi. Hata hivyo hayatoshi hapa, kwa sababu lililosemwa juu ya ubao huu limesemwa na mtu aliyelihitaji. Mchaji hangaliitundika hatamu gizani. Angaliiweka mbele, kwenye mwanga, kila mtu aione. Torrentius, akiwa na miaka 25 hivi, aliutia mwanga katika mvinyo na bati, akaiacha hatamu juu yake pasipo mkono wa kuishika. Alijua wapi ilipo.

Alizikwa Amsterdam, ndani ya kanisa la Nieuwe Kerk, huyo aliyefungwa kwa kumkana Mungu.