Enyi Wenye Kiu ya Fremu Sitini

Wapendwa, vijana wa Pasua na Majengo, wa Soweto na Rau, na ninyi mlioko huko juu, Kibosho, Machame, Uru, Marangu hadi Rombo, somo letu linatoka Luka sura ya 14, pale Bwana anaposimulia habari za mtu aliyetaka kujenga mnara. Hakukaa chini kupiga hesabu. Akaweka msingi, hela ikamwishia njiani, na waliopita wakamcheka. Nimelichagua somo hilo kwa makusudi, maana najua mnachokitamani mkilala na mkiamka. Mnatamani kadi ya grafiksi.

Sisemi ni dhambi. Wapo wazee watakaowaambia gemu ni upotevu, na wazee hao hao siku ya Simba na Yanga hawashikiki. Mimi kijana aliyetulia sebuleni saa mbili usiku, anacheza GTA V na mdogo wake, simwiti mpotevu. Dhambi ninayoihubiri leo ni kununua kwa tamaa ya namba. Unaona RTX, unaona Ti, unaona boksi lina maandishi ya dhahabu, roho inaruka, mkono uko mfukoni, na kompyuta yenyewe haijaulizwa kama iko tayari. Tamaa mbele, mauti nyuma!

Iulizeni kompyuta, nasema. Iulizeni kabla hamjamuuliza muuzaji.

Na tuambiane ukweli ni kompyuta gani hizo. Wachache wenu mmejijengea mashine ya gemu tangu mazabodi. Wengi mna Dell OptiPlex au HP EliteDesk, mashine zilizotumikia ofisi za watu ng'ambo, zikastaafishwa, zikapakiwa kontena, zikashuka Dar es Salaam, zikapanda basi kuja kwetu. Ni mashine za heshima, nazisifu mchana kweupe. Nyingi zitaendelea kuwaka wakati kompyuta mpakato ya jana imeshakufa. Lakini ziliumbwa ili karani aandike barua. Chukua OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile ya kasha jembamba. Pawa saplai yake ni ya wati 240. Hizo 240 ni za prosesa, za diski, za feni, za kila kinachopumua humo ndani. Halafu wewe unakuja na RTX 3060, ambayo peke yake inadai wati 170, na Nvidia wenyewe wanashauri iwekewe pawa saplai ya wati 550. Unampelekea nani mzigo huo? Tena hata mlangoni haipiti, kwa sababu kasha lile linapokea kadi za nusu kimo tu.

Najua mtakachojibu. "Fundi, nitabadilisha pawa saplai." Amina, badilisha. Ila fungua kwanza uone unachobadilisha. Kwenye Dell 3020, 7020 na 9020, waya mkuu unaoingia kwenye mazabodi una pini 8, wala si zile 24 za kawaida, kwa hiyo pawa saplai uliyonunua dukani utaishika mkononi huku unatafuta adapta. HP nyingi za ofisi nazo zina plagi zao wenyewe. Na kasha jembamba haliipokei pawa saplai ya kawaida hata ukiisukuma kwa goti.

Basi shikeni namba moja, muiandike hata kwenye ukuta: 75. Sloti ya PCI Express, pale kadi inapochomekwa, inatoa wati 75 na mwisho wake ni hapo. Kadi isiyo na tundu la waya wa ziada inaishi ndani ya wati hizo. Ikiwa na tundu la pini 6 inaweza kudai wati 75 nyingine. Ikiwa na la pini 8, wati 150. Igeuzeni kadi mtazame ubavu wake kabla ya kutazama kitu kingine. Kuna tundu? Na pawa saplai yako ina waya wa kulijaza? Kama haina, irudishe kadi kwenye boksi lake kwa amani. Wala asije mtu akakuuzia ile adapta ya bei chee inayochukua umeme kwenye waya wa SATA, waya wa diski, ili kulisha kadi. Waya huo haukutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Plagi yake huyeyuka, na utaigundua kwa pua.

Ndani ya wati 75 kuna wokovu! Ipo GTX 1650, iliyotoka Aprili 2019, ina GB 4 za kumbukumbu. Matoleo mengine yake yana tundu la waya na mengine hayana, nanyi mnalitaka lisilo na tundu. Ipo RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, inayotumia wati 70. Zote mbili zina matoleo ya nusu kimo. Ipo pia RX 6400 ya wati 53, ambayo wengi huikimbilia kwa upole wake, na hapo nawawekea alama ya tahadhari: inazungumza na mazabodi kwa njia nne tu za PCI Express, na kwenye mashine ya miaka ile inabanwa, inapoteza nguvu uliyoilipia. Ningekuwa mimi nina OptiPlex, ningechukua hiyo 3050 kama mfuko unaruhusu, na 1650 kama hauruhusu, kisha nikalala usingizi wa mwenye haki.

Aliyebarikiwa kasha kubwa na pawa saplai ya kweli ya wati 500 na zaidi, huyo nampa neno fupi: RX 6600, GB 8, wati 132. Kama anajifunza pia Blender na hiyo ndiyo ndoto yake ya ajira, RTX 3060 ya GB 12. Aendelee na safari yake, mimi leo nimetumwa kwa wenye makasha membamba.

Sasa macho. Unanunua kadi ya kutoa fremu 140 kwa sekunde na mezani kwako kuna monita ya ofisi ya inchi 19, inayoonyesha fremu 60, hata moja zaidi haijui. Zile 80 zinakwenda wapi? Umezilipia, zimetengenezwa, zimetupwa. Na utazame nyuma ya monita hiyo: plagi yake ni ile ya bluu ya VGA, yenye skrubu mbili za kukaza kwa vidole. Kadi za leo hazina tundu hilo. Wangapi wamefika nyumbani saa mbili usiku na kadi mpya mkononi, na hakuna pa kuchomeka monita, na duka la kuuza adapta ya HDMI kwenda VGA limefungwa mpaka Jumatatu! Iwekeni adapta kwenye hesabu tangu mwanzo. Ni kitu kidogo, lakini bila hicho, kioo ni cheusi.

Nimewapa namba 75. Inarudi tena, na safari hii inamgusa mama.

Nyumba nyingi za kwetu ziko kwenye tarifa ya D1 ya TANESCO, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila uniti, kabla ya kodi. Ukivuka 75, uniti inayofuata ni shilingi 350, na ukizoea kuvuka unahamishwa tarifa kabisa. Haya, piga hesabu kama mjenzi mwenye akili. Mashine inayokula wati 250 ukiiwasha kwa saa nne kila jioni inamaliza uniti moja. Jioni moja, uniti moja. Mwezi, uniti 30. Umechukua peke yako zaidi ya theluthi ya umeme wa nafuu wa nyumba nzima: friji, pasi, taa, televisheni ya baba, chaji za simu za wageni. Mashine ile ile ikiwa na kadi ndogo, ikatumia wati 130 kwa saa hizo hizo, inakwenda uniti 16 hivi kwa mwezi. Tofauti hiyo ni mama anayesimama mbele ya LUKU anauliza umeme umeenda wapi, na wewe umeinamia sahani. Mheshimu baba yako na mama yako! Kama wewe ndiye mwenye kadi, nunua uniti zako, usimwachie mama deni la fremu.

Na umeme wenyewe tuuseme ulivyo. Mgao wa 2023 tuliuona. Mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lililosanifiwa kutoa megawati 2,115, ilianza kuwashwa, tukapumua, na anayeshukuru namuunga mkono. Lakini bwawa haliwezi kuunyoosha waya uliopita katikati ya migomba na miti ya kihamba mpaka nyumba ya mwisho kabisa ya kitongoji. Huko, ikifika saa moja jioni kila mtu akiwasha chake, umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia. Mvua za masika zikianza, tawi moja likianguka, giza. Giza lenyewe haliiumizi kadi. Kinachoumiza ni umeme unaporudi kwa kishindo, unakatika, unarudi tena ndani ya dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo sehemu ya hela ya kadi ni hela ya UPS, na kama umeme wa kwenu hupanda na kushuka, ni hela ya stabilaiza. Mwenye laki nne asinunue kadi ya laki nne. Nimesema, na nitasema tena hata mkinuna.

Sasa sokoni. Hapa sauti yangu inapanda, mnisamehe.

Ninyi ni watu wa Kiboriloni na Memorial. Mmekulia kwenye mitumba. Shati la shilingi elfu tano mnaligeuza kola, mnalinyoosha juani, mnatafuta tundu kwapani, mnavuta kifungo kimoja kimoja, ndipo mnaanza kubishana bei. Kadi ya laki tatu mnainunua kwa picha ya WhatsApp! Mtu wa Kariakoo, au wa Luthuli Avenue kule Nairobi, ametuma picha mbili na neno "safi", mkatuma hela, mkaenda kuusubiri mzigo stendi. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na wengine hata mbuzi hamna.

Maana kadi huchakachuliwa. Wajanja huchukua chipu ya zamani, GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya 2011, wakaibadilisha programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti. Unawasha, jina ni tamu. Unafungua gemu, inakufa. Zipo dalili. Kadi inayojiita GTX 1050 Ti na ina lile tundu la bluu la VGA, iogope sana. Ipo programu ya bure, GPU-Z, ambayo ikiitambua kadi ya namna hiyo huandika FAKE mbele ya jina lake, bila kupepesa macho. Ibebe kwenye flashi. Muuzaji mwema atakuruhusu kuifungua, na anayekataa ameshajibu swali lako.

Kuna na RX 580. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mtindo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiksi, na kadi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote. Nyingi ni hizo 580. Sizilaani zote, kadi iliyochimba ikiwa imetunzwa inaweza kuishi. Lakini zungusha feni kwa kidole usikilize, uliza kama pesti ya joto imebadilishwa, iendeshe kwa mzigo dakika ishirini palepale dukani huku joto lake linaonekana kwenye kioo. Soma pia jina lote: ikiandikwa 2048SP, hiyo ni ndugu yake mdogo, ina viini 2,048 badala ya 2,304, na bei yake iwe ndogo vilevile. Halafu kumbuka inakula wati 185. Mwenye kasha jembamba asiiangalie hata mara mbili.

Na umri ni hesabu. Oktoba 2025 Nvidia walifunga ukurasa wa draiva za gemu mpya kwa kadi za familia ya Pascal, yaani GTX 1050, 1060, 1070 na 1080 zote. Gemu ulizonazo zitaendelea kucheza. Za mwaka kesho, hakuna anayekuahidi. 1650 ni ya kizazi kilichofuata na bado inahudumiwa, ndiyo maana nimeitaja kwa jina wakati 1050 Ti nimeiacha ipite, hata kama mwenzako ataisifu kwa machozi.

Desemba inakuja. Kaka na dada zenu wanapanda mabasi kuja nyumbani kwa sikukuu, au kama wanavyotutania, kuja kuhesabiwa, na najua meseji zimeshaanza kuandikwa: "Bro, niletee kadi kali." Futa meseji hiyo. Leo hii chukua bisibisi, zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua kasha. Piga picha ya lebo ya pawa saplai, ile yenye wati. Weka rula ndani ya kasha, pima kutoka ukuta wa nyuma mpaka kitu cha kwanza kitakachogombana na kadi, piga picha ya rula. Piga picha ya plagi ya monita. Mtumie ndugu yako picha zote tatu, kisha mwandikie: nusu kimo, isiyo na tundu la waya, ijaribiwe dukani mbele yake. Na ahakikishe ndani ya boksi kuna kile kibati kifupi cha kuifungia kadi kwenye kasha jembamba, maana kadi nyingi huja zimefungwa kile kirefu, na kifupi ndicho hupotea. Muuzaji akimwambia kibati kitafuata kwa basi la kesho, adai hela yake aende duka la jirani.