Mkwaju Mmoja

Mwaka jana nilifuta sauti ya shosho yangu kwa alama moja ya mkwaju.

Nilikuwa nimemrekodi kwa simu, dakika 40, akisimulia alivyomtoroka mume aliyechaguliwa na babake. Simu iliibiwa, rekodi ikabaki kwenye flashi tu. Usiku mmoja nikataka kunakili folda ya kazi kwenye flashi hiyo hiyo. Nikapata amri mahali, nikaibandika:

rsync -a --delete kazi/ /media/flashi/

Uone huo mkwaju baada ya "kazi". Bila huo, programu ingeshughulika na folda ya kazi peke yake. Ukiwepo, flashi nzima inalazimishwa kufanana na folda hiyo, na kisichokuwa ndani yake kinafutwa. Haikuuliza hata "una uhakika?" Shosho alikuwa ameshazikwa.

Najua mtaniambia nini: imeandikwa. Ni kweli, niliisoma baadaye. Mkwaju umeelezwa kwenye mwongozo, ila umeelezewa mtu ambaye tayari anajua. Ni kama kuuliza njia mtaani ukaambiwa ukate kona pale palipokuwa na kinyozi.

Sasa, aliyekupa kitu bure ana deni la kukueleza? Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync mwaka 1996, na hawajawahi kunidai hata shilingi. Leseni yenyewe inasema hakuna dhamana. Kuwalaumu naona aibu kidogo. Lakini ukinipa kisu cha bure, sikudai unoaji. Nakudai uniambie upande unaokata. Mwongozo wa kwanza kabisa wa Unix, wa Novemba 1971, ulikuwa na sehemu ya kutaja kasoro za programu, na nyingine ya kutaja mwenyewe ni nani. Yaani walikubali makosa yao, wakakwambia na wa kumuuliza.

Ningeishia hapo nikiwa mwathiriwa msafi, lakini kuna stori ya saiba.

Nilipoacha chuo nilifanya kazi kwenye saiba fulani, nikaandika programu ndogo ya kupanga skani za wateja. Nilipoondoka sikuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Dada aliyebaki akawa ananipigia kila ikikwama. Naenda, nabonyeza vitu viwili haraka haraka asione, napewa mia mbili na chai. Nikiulizwa nasema sikupata muda wa kuandika. Uongo. Nilipenda kuitwa. Wakati huo hakuna mtu mwingine Nairobi nzima aliyekuwa ananihitaji.

Juzi alinipigia tena, nikamwambia nitamwandikia kila kitu. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Hatua ya kwanza ninayo. Ya pili, mimi mwenyewe sikumbuki nilikuwa nabonyeza nini.