Pepe na Kiini: Juu ya Barua Zinazojifuta

Ni nani mwenye barua: aliyeiandika au aliyeandikiwa? Suali hili ni la kale, na zama barua ilipokuwa karatasi aghalabu lilijijibu lenyewe. Karatasi ilikuwa mkononi mwa aliyeipokea, ndani ya bweta lake, chini ya kanga zake. Akitaka aihifadhi, akitaka aichane, akitaka awashie jiko. Mwandishi alikwisha kuagana na barua yake siku aliyoitia posta. Leo suali limerudi kwa sura nyengine, kwa sababu baina ya wawili hao ameingia wa tatu, naye ni mashine iliyoamrishwa kuhesabu siku.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni, ingawa hapana mtaa wa Dar es Salaam usioweza kuutoa wa kweli. Tegeta, kando ya barabara ya Bagamoyo, si mbali na kilima cha Wazo kinachochimbwa chokaa ya kufanyia saruji tangu miaka ya 1960, anakaa bibi ambaye mwanawe alikuwa akifanya kazi Maskati. Mama na mwana walikuwa wakiandikiana kwa simu, na mara nyingi zaidi wakitumiana sauti, kwa kuwa macho ya bibi hayapendi herufi ndogo. Simu yake ilikuwa ikijaa upesi, kwa picha za maua ya asubuhi njema na video za mawaidha. Basi mwana, kwa nia njema, akaupanga ukumbi wao wa mazungumzo ili kila ujumbe ujifute baada ya siku 90. Kisha mwana akafariki ghafla, akazikwa huko huko. Tangu siku ile, bibi akifungua simu yake huona kwamba juu kabisa, kwenye ujumbe wa zamani zaidi, pamepungua kitu. Mauti ya kwanza yalikuja mara moja. Haya ya pili yanakuja kidogo kidogo, na tarehe ya kumalizika kwake inajulikana.

Nani amemdhulumu bibi huyu? Mwanawe alitaka kumpunguzia taabu. Mashine haina kosa, maana haina nia. Waliotunga programu watasema kwamba hawakumlazimisha mtu. Dhuluma ipo, na dhalimu haonekani, na hapo ndipo mas-ala yenyewe yanapoanza.

Kwanza inafaa kufahamu kwamba jambo hili halikuzaliwa na simu za leo. Mtandao wa majadiliano uitwao Usenet, ulioanza mwaka 1980, ulikuwa ukipitisha maandiko kutoka kompyuta hadi kompyuta, na kila kompyuta ikiyafuta baada ya muda kwa kuwa nafasi ilikuwa ghali. Maandiko ya miaka yake ya mwanzo yangalipotea karibu yote, lau si Henry Spencer wa idara ya zuolojia katika Chuo Kikuu cha Toronto, aliyekuwa akiyahifadhi kwenye kanda za sumaku baina ya 1981 na 1991. Kanda zilifika 141 na ndani yake mlikuwamo maandiko yapatayo milioni 2, ambayo umma uliweza kuyasoma tena mwaka 2001. Waliotumia Hotmail katika vibanda vya intaneti vya Dar es Salaam na Unguja, wakilipia kwa nusu saa, wanakumbuka kwamba nafasi ilikuwa megabaiti 2 tu, na kwamba aliyekaa siku 30 bila ya kuingia alikuta kisanduku kitupu. Mtu alikwenda shamba kwa msimu wa kupanda, akarudi hana barua hata moja.

Programu ya Thunderbird, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka Desemba 2004, husoma barua pepe na pia majadiliano ya namna ya Usenet, na ndani yake mna ukurasa mdogo unaostahili kusomwa kama fat-wa. Humo mwenye barua hupewa hiari: asifute chochote, au abakishe idadi fulani ya barua mpya kabisa, au afute zote zilizopita siku kadhaa. Chini yake mna kijisanduku kinachosema kwamba barua zilizowekewa nyota zisiguswe. Na mna onyo kwamba kufuta huko kwaweza kufika hadi kwenye nakala iliyoko katika kompyuta kuu ya mbali, si hii ya nyumbani peke yake. Wengi huupita ukurasa huu bila ya kuusoma, wakabonyeza kitufe cha kukubali.

Sasa na itazamwe kanuni yenyewe. Mashine hupima kitu kimoja tu, nacho ni umri. Haijui kama barua ni ya posa au ni tangazo la vocha. Lugha ya Kiswahili, kwa bahati au kwa hekima, imeweka neno lake papo hapo. Barua ya namna hii imeitwa barua pepe, na wengi huliunganisha jina hilo na upepo kwa wepesi wake. Lakini mkulima wa mpunga analijua pepe jengine, punje tupu isiyo na kiini. Kazi ya kuondoa pepe hufanywa kwa ungo. Mwanamke hurusha mpunga, upepo ukachukua kilicho chepesi, kizito kikarudi ungoni. Hajapata kuwapo mpepetaji aliyetupa punje kwa sababu tu imevunwa mwaka jana. Ungo hupima uzito. Mashine hupima tarehe. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwani barua mara nyingi huanza pepe ikaota kiini baadaye. “Nimefika salama, mama, nitakupigia kesho” si kitu siku ilipoandikwa. Baada ya mauti ni utajiri.

Wapenda mashairi wa pwani hawahitaji kuhubiriwa juu ya hili, kwa sababu karibu yote waliyonayo yamewafikia kwa mtu fulani kukataa kutupa. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyobakia ni barua za Kilwa za mwaka 1711, walizopelekewa Wareno wa Msumbiji na wenzao. Nazo leo zimo katika nyaraka za Goa, Bara Hindi. Hazikubakia Kilwa zilikoandikwa. Zilibakia kwa waliopokea. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yaliishi vinywani na katika vikaratasi hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya katika miongo ya mwisho ya karne ile kwa kushirikiana na William Taylor. Diwani ikapigwa chapa mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya mtunzi kuzikwa. Nao utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ulikuwa nini kwa asili yake ila waraka wa mama mgonjwa kwa binti yake mmoja? Ulinakiliwa kwa mkono miaka na miaka kabla ya Alice Werner na William Hichens kuutoa kitabuni mwaka 1934. Lau waraka ule ungalipewa siku 90, binti angaliusoma, angalilia, kisha basi.

Hata hivyo upande wa pili una haki yake, na asiyeusikiliza hajaifikiri mas-ala hii kikweli. Kuhifadhi kila kitu si uadilifu. Mwenye kubakiza barua elfu hamsini ambazo hatazifungua amezizika tu kaburi pana zaidi. Tena kuna sitara. Watu wa pwani wamelelewa kwamba aibu ya mwenzio uliyoiona uifunike, na kwamba neno la hasira lililotamkwa usiku lisianikwe mchana. Karatasi ilikuwa na huruma: mchwa waliila, chumvi ya bahari iliila, na ugomvi wa ndugu ukafa pamoja na wino. Ujumbe wa simu haupauki. Ugomvi wa miaka 10 nyuma hufunguka na ukali wake wote, na herufi zake na saa yake. Ndipo wako wanaosema kwamba kufutika kwa muda ni rehema iliyorudishwa, na hawakukosea. Hata sheria imeliona jambo hili kwa macho mawili: Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, ambayo kwayo ujumbe waweza kuwa ushahidi mahakamani, na mwaka 2022 ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotambua kwamba si kila taarifa ya mtu ikae milele katika mikono ya wengine.

Lakini sitara ni tendo. Anayesitiri ameona, amepima, amenyamaza kwa makusudi. Saa inayofuta haijasitiri kitu, kama vile mvua iliyozima moto wa jikoni haikumwokoa mtu kwa wema wake. Kusahau kwenye thamani ni kule kunakofanywa na mwenye uwezo wa kukumbuka. Ndiyo maana ile nyota ndogo ya Thunderbird ni ya maana kuliko hesabu yote ya siku iliyo juu yake, maana ndiyo mahali pekee ambapo mashine imeuacha mkono wa mtu.

WhatsApp, iliyoleta ujumbe wa kujifuta Novemba 2020, iligutuka baadaye juu ya jambo hili hili. Mwaka 2023 ikampa mpokeaji uwezo wa kuubakiza ujumbe kabla haujatoweka, ila mwandishi huarifiwa, naye akitaka hukataa, na kukataa kwake ndiko kunakoshika. Basi suali la kale limejibiwa na wahandisi, bila ya kuulizwa mshairi wala kadhi: mwenye barua ni aliyeandika. Jawabu hilo lina adabu ndani yake, ingawa kwa kanuni hiyo Mwana Kupona angaliweza kuutoa waraka wake mikononi mwa binti yake. Na lina tundu. Mwandishi aliyekufa hawezi kukataa. Kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa. Katika ndoa ya bikira wanazuoni wameruhusu kimya kiwe jawabu. Kimya cha maiti ni kimya cha namna nyengine, na anayekitegemea ajue kwamba ameamua yeye.

Kijana wa jirani aliyekuja kumwangalia bibi ndiye aliyegundua. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba, mjukuu wangu.” Akaichukua simu, akamwonesha: ukiubana ujumbe hivi, ukagusa hapa, unabaki. Siku ile walibakisha sauti kumi na tisa. Nyingi zilikuwa salamu tupu, na bibi hakutaka hata moja iondoke. Waliacha bila ya kuzigusa zile ambazo mwana aliwasema watu, kwa kuwa yeye hayupo tena kuyafuta maneno yake kwa maneno mengine.

Ilibakia moja. Ndani yake mwana alikiri kwamba amekopa fedha kwa mtu wa Kariakoo, akataja kiasi, akamwomba mama yake asimwambie mkewe. Ni aibu ya marehemu, na sitara inataka iachwe ijifute. Lakini pia ni deni la marehemu, na deni ni haki ya mtu aliye hai, tena hapana karatasi nyengine iliyoliandika. Kijana akauliza: “Hii je, bibi?” Bibi akauliza zimebaki siku ngapi. Kijana akahesabu kwa vidole, akasema kumi na moja. Bibi akasema amwitie mkwewe, aje kabla ya Ijumaa.